Masomo ya bure: sheria iko, mshahara wa mwalimu uko wapi?

Kila mwaka, mwezi wa Septemba ukikaribia, wazazi wanauliza swali moja: safari hii shule itatuomba pesa ngapi? Kwa shule ya msingi ya umma, swali hilo halikupaswa kuwepo. Katiba ya Februari 18, 2006, katika kifungu cha 43, inasema wazi kwamba masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za umma. Sheria ya Januari 10, 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, na ile ya Februari 11, 2014 juu ya elimu ya taifa, zimekazia jambo hilohilo.

Kwa hiyo nchi yetu haikosi sheria. Hata hivyo, miaka 13 ilipita kabla serikali ya Raisi Félix Tshisekedi haijaanza kuitekeleza ahadi hiyo, mwezi wa Septemba 2019. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1990, ni wazazi waliobeba mzigo wa kumlipa mwalimu kupitia ile tuliyozoea kuiita prime. Mzigo huo ulipoondolewa, watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani waliingia shuleni, na madarasa yakajaa.

Lakini aliyesimama mbele ya madarasa hayo alisahauliwa. Walimu wengi, wale wanaoitwa N.U., wanafundisha bila kuwa kwenye orodha ya malipo ya serikali. Mwalimu asiyelipwa naye ana watoto wa kulisha na nyumba ya kulipia. Ndipo pesa zinarudi kwa mlango wa nyuma: leo pesa ya karatasi za mitihani, kesho mchango wa kutengeneza shule. Jina limebadilika, mfuko unaotoboka ni uleule wa mzazi. Na mtoto ambaye kwao hakuna kitu anarudishwa nyumbani, Katiba ipende isipende.

Mkuu wa shule anayetoza pesa zilizokatazwa anastahili kuadhibiwa. Ila adhabu hiyo peke yake haimlipi mwalimu.

Katiba hiyohiyo inaitaka serikali ipeleke mradi wa bajeti bungeni kabla ya Septemba 15 kupita, siku zilezile watoto wanaporudi darasani. Huo ndio wakati wa wabunge wetu kuuliza: walimu wangapi wanafundisha bila mshahara, na bajeti hii inachukua wangapi kati yao? Idara ya malipo ya walimu nayo ibandike orodha mlangoni mwa kila shule, ili wazazi waone nani analipwa na nani hajalipwa. Wazazi wanaoijua hesabu hiyo watajua pia mlango wa kubisha.

Haki ya mtoto kusoma imeandikwa tayari katika sheria tatu. Sasa iandikwe katika bajeti, na pesa zitoke.