Michezo ya Zamani ya Kompyuta: Je, Ingali na Thamani Darasani?

Mmojawapo wa michezo ya kwanza ya kompyuta iliyotungwa kwa ajili ya darasa haukubuniwa na mhandisi wala mfanyabiashara, bali na mwalimu wa shule ya msingi. Mwalimu huyo, Mabel Addis, alikuwa akifundisha darasa la nne katika Jimbo la New York, Marekani. Kati ya mwaka 1964 na 1966, kwa ushirikiano na kampuni ya IBM, alitunga mchezo ulioitwa The Sumerian Game. Leo ni watu wachache waujuao. Madhumuni ya makala haya ni kuuchunguza mchezo huo na mingine miwili iliyoufuata, na kutoa hukumu kama ingali inafaa kitu mbele ya mwalimu wa leo.

Swali hili halihusu historia tupu. Mwanachuo atakapohitimu, huenda akapangiwa shule ambayo huletewa programu zenye picha za rangi na nyimbo, naye akatakiwa achague iliyo bora. Huenda pia akapangiwa shule isiyo na kompyuta hata moja. Katika hali zote mbili anahitaji kipimo, na kipimo ninachopendekeza ni hiki: je, jibu la mwanafunzi hubadili swali linalofuata?

Michezo mingi inayoitwa ya elimu haikifikii kipimo hicho. Mtoto hupewa hesabu, hujibu, husikia kengele, kisha huletewa hesabu nyingine ambayo ingeletwa vilevile hata kama angejibu vingine. Ukiondoa kengele na picha, kinachobaki ni mazoezi ambayo yangeweza kuandikwa ubaoni. Mazoezi ni mema na yana mahali pake. Lakini tusiyaite mchezo kwa sababu tu yamevishwa nguo za mchezo.

Mchezo wa Mwalimu Addis ulikuwa wa namna nyingine. Mwanafunzi wa darasa la sita aliketi mbele ya mashine ya kuchapia iliyounganishwa na kompyuta kubwa. Hakukuwa na kioo cha kutazama. Mashine ilimwambia kwamba yeye ni mtawala wa mji wa Lagash, yapata mwaka 3500 kabla ya Kristo, na kumtaka agawe nafaka: kiasi gani kiliwe, kiasi gani kipandwe, na kiasi gani kiwekwe ghalani. Mavuno ya msimu uliofuata yalitegemea mgawo huo. Baada ya kilimo, mchezo uliendelea kwenye ufundi na uvumbuzi, na mwisho kwenye biashara na miji mingine. Katika toleo la pili, mafunzo ya sauti na picha yaliingizwa kati ya sehemu na sehemu. Programu yenyewe ya wakati ule haikuhifadhiwa. Kwa hiyo twaweza kuusifu mpango wake, lakini hatuwezi kuucheza kama walivyoucheza wanafunzi wale.

Tunachoweza kuucheza ni mrithi wake. Mwaka 1968 Doug Dyment aliandika mchezo mfupi kutokana na maelezo aliyoyapata juu ya ule wa Addis. Baadaye David Ahl aliutafsiri kwa lugha ya kompyuta iitwayo BASIC, akauchapisha katika kitabu chake cha mwaka 1973, na katika toleo la mwaka 1978 ukajulikana kwa jina la Hamurabi. Sheria zake ni chache kiasi cha kuenea katika ukurasa mmoja. Mfalme huanza na watu 100, ekari 1,000 na busheli 2,800 za nafaka. Kila mtu hula busheli 20 kwa mwaka. Busheli moja ya mbegu hutosha ekari 2, na mtu mmoja huweza kulima ekari 10. Ekari moja hutoa busheli 1 hadi 5, kwa bahati. Ardhi huuzwa na kununuliwa kwa bei ya busheli 17 hadi 26 kwa ekari. Panya huweza kuvamia ghala, na tauni huweza kuzuka. Utawala hudumu miaka 10.

Tuutazame mwaka wa kwanza. Mfalme akiwalisha watu wote, hutumia busheli 2,000 na kubakiwa na 800. Akipanda ekari zote, hutumia mbegu busheli 500 na kubakiwa na 300. Sasa tuseme, tukiacha panya, tauni na wageni wanaohamia mjini, kwamba kila ekari imetoa busheli 1 tu. Ghalani mtakuwa na 1,300, chakula cha watu 65. Watu 35 wamekosa, nao wanahitaji busheli 700. Kama bei ya ardhi ni busheli 20, itampasa mfalme auze ekari 35, na bado hajapata mbegu za kupanda. Mwanafunzi aliyefika hapo amezidisha, amegawanya na kutoa bila kushurutishwa, kwa sababu ana shida ambayo hesabu pekee huweza kuitatua. Tena amefikia swali zito kuliko hesabu: je, mfalme alikosea, au alipatwa na mwaka mbaya? Kutenganisha uamuzi mbaya na bahati mbaya ni jambo ambalo hata watu wazima huliona gumu.

Hata hivyo, kasoro za Hamurabi ni kubwa. Kwanza, historia yake ni potofu. Hammurabi halisi, ambaye jina lake huandikwa kwa m mbili, alitawala Babeli katika karne ya 18 kabla ya Kristo. Mchezo humweka Sumeri. Pili, mavuno hayana sababu. Hakuna mvua wala mfereji. Pana bahati tu, na mtoto aweza kujifunza kwamba kilimo ni kamari. Tatu, ufundi na biashara aliyoiweka Mwalimu Addis vimeachwa nje. Nne, waliokufa kwa njaa hutajwa kama idadi tu. Mtoto aliyewahi kulala na njaa hataichukulia idadi hiyo kama pointi zilizopotea, na mwalimu asiyelifikiri hilo kabla ya kuingia darasani anaweza kumuumiza.

Mchezo wa tatu huitwa Lemonade Stand, nao ulitungwa na Bob Jamison mwaka 1973 huko Minnesota, kisha ukaenea kupitia kompyuta za Apple II tangu mwaka 1979. Mtoto ana dola 2 za mtaji. Kila asubuhi hutangaziwa hali ya hewa, ndipo huamua atengeneze glasi ngapi za maji ya limau, anunue mabango mangapi kwa senti 15 kila moja, na auze kwa bei gani. Gharama ya glasi huanza na senti 2. Siku ya tatu hufika senti 4, kwa kuwa mama ameacha kumpa mtoto sukari ya bure. Na siku ya saba hufika senti 5. Hapa mchezo huu unaushinda Hamurabi, kwa maana humpa mchezaji dalili kabla ya uamuzi, hata aweze kutoa sababu za alichochagua. Lakini lengo lake ni faida tu, na mawazo yake hukoma upesi.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba michezo hii imezeeka kwa sura, na baadhi ya maarifa yake yana makosa, lakini uti wa mgongo wake ni mzima. Inakifikia kipimo kile ambacho programu nyingi zenye rangi na nyimbo hazikifikii. Kinachopungua ndani yake ni sehemu ya mwalimu, yaani sababu, historia na mazungumzo. Na sehemu hiyo mwalimu aweza kuirudisha mwenyewe.

Ubao na kopo vyatosha. Andika ubaoni watu, ekari na nafaka. Busheli waweza kuiita debe bila kuharibu hesabu. Tia katika kopo vikaratasi vitano, 1 hadi 5, kwa ajili ya mavuno. Gawa darasa katika makundi, na kila kundi liwe baraza badala ya mfalme mmoja, ili kila uamuzi utetewe kwa maneno kabla ya kuandikwa. Toa dalili ya mvua kabla ya kupanda. Ruhusu baraza litumie nafaka kuchimba mfereji, na likimaliza, ondoa koponi kikaratasi chenye 1. Kwa kitendo hicho kimoja watoto wataona kwamba binadamu huweza kuipunguza nguvu ya bahati kwa kazi na maarifa, jambo ambalo Hamurabi haukuweza kulionyesha.

Mwisho wa kila mwaka wa mchezo, acha kalamu zitulie na uulize: tulijua nini tulipoamua? Kundi litakaloweza kujibu litakuwa limejifunza, hata kama ghala lake ni tupu. Na mwanachuo aliyeufanyia majaribio mchezo huu wakati wa mazoezi ya kufundisha hatababaika siku atakapoletewa programu mpya ya kukagua. Ataitazama kwa utulivu, na kabla ya kusifu rangi zake atauliza kama jibu la mtoto lina uzito wowote ndani yake.