Usinunue Kibandiko, Nunua RAM

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10, programu endeshi iliyoanza mwaka 2015. Anayetaka kuhamia Windows 11 anatakiwa kuwa na chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha ya kampuni. Kwa Intel, orodha hiyo huanzia kizazi cha nane, ukiacha chache. Wakati huohuo madukani zimejaa kompyuta mpakato zenye kibandiko cha akili mnemba. Shule na ofisi ndogo zinajiuliza kama zitupe za zamani. Nionavyo mimi, nyingi hazina sababu ya kufanya hivyo.

Chukua kompyuta mpakato ya ThinkPad T470 ya mwaka 2017 na mdogo wake T480 aliyefuata mwaka 2018. Kwa nje hutazitofautisha upesi. Zote mbili unaweza kuziongezea RAM na kuzibadilishia betri kwa bisibisi na subira kidogo. T470 ina hata TPM 2.0. Inachokosa ni kizazi kimoja cha prosesa, basi imeachwa nje.

Microsoft ina hoja yake: prosesa mpya zina kinga bora dhidi ya wadukuzi, na mashine isiyopata masasisho ni hatari kuiunganisha na intaneti. Hilo ni kweli, lakini masasisho hayatoki kwa Microsoft peke yake. Programu endeshi ya Linux Mint na programu ya ofisi ya LibreOffice husasishwa bure na hufanya kazi vizuri kwenye T470. Wala si jambo geni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Atakayeumia ni mhasibu mwenye makro za Excel, au ofisi yenye programu inayokubali Windows tu. Huyo anunue T480 ya mtumba, na darasa la kuandikia barua na kutafuta taarifa lihamie Linux.

Sasa akili mnemba. Mwezi Mei 2024 Microsoft ilitangaza kundi la Copilot+ PC: RAM ya GB 16, hifadhi ya GB 256, na chipu maalumu inayofanya operesheni trilioni 40 kwa sekunde. Tarakimu hiyo inavutia, ila ChatGPT na Gemini hufikiri kwenye vituo vya data vya mbali. Mashine yako hufungua kivinjari tu, na hilo T470 inaliweza.

Anayetaka akili hiyo ikae mezani kwake, bila intaneti, atazame RAM kwanza. Modeli ya lugha yenye vigezo bilioni 7, ikibanwa hadi biti 4 kwa kila kigezo, hukaa kwenye takriban GB 4. Programu ya llama.cpp, iliyotoka mwaka 2023, huiendesha kwa prosesa ya kawaida. Utasubiri jibu, maana kasi hubanwa hasa na jinsi RAM inavyosomwa, lakini taarifa za wanafunzi hazitoki ofisini.

Kukaa mezani peke yake si usalama. Recall ya Microsoft, iliyobuniwa kupiga picha za skrini mara kwa mara na kuzihifadhi kwenye mashine yenyewe, ilipingwa na wataalamu wa usalama hadi ikaahirishwa. Ilipotolewa kwa umma Aprili 2025 ilikuwa ya hiari.

Kwa hiyo fedha ziende kwa mpangilio: SSD, RAM ya GB 16, betri. Anayenunua mpya aulize kama RAM imechomelewa kwenye ubao mama, kwa kuwa nyingi nyembamba ziko hivyo na hutaiongeza kamwe. Na zabuni ikitaja akili mnemba, muuzaji atakiwe kutaja kazi gani chipu hiyo itafanya intaneti ikikatika, kisha aionyeshe mbele ya kamati. Akishindwa, bei ya kibandiko iondolewe.