Ile Si Picha ya Yavuyavu

Jamani, tumechoka. Kila anayerudi kutoka akwaria ya Monterey, kule California, anarudi na picha ileile: bluu nyuma, yavuyavu wa rangi ya chungwa katikati, minyiri imetandazwa kama shela ya bibi harusi. Chini yake maneno yaleyale: "utulivu", "shairi lisilo na maneno", "upweke wangu unaelea". Nimesimama mbele ya kioo hicho mwenyewe. Watu wanafika, wanainua simu, wanapiga, wanakagua skrini, wanaondoka. Dakika moja haiishi.

Nasema wazi: ile ni picha ya taa. Bluu ile imetengenezwa, ni ukuta na mwanga, na umepangwa hivyo ili mnyama ang'ae. Mwaka 2002 akwaria hiyohiyo iliandaa maonyesho yaliyowaweka mayavuyavu hai sambamba na kazi za sanaa. Yaani fremu umeshawekewa, wewe unabonyeza tu, halafu unatuandikia eti umeona siri ya bahari.

Na ile "ngoma" tunayoisifu? Yavuyavu hana ubongo, hana moyo, hana mfupa. Karibu mwili wote ni maji. Akisukumwa kwenye kona anakwama na kuchanika. Kiputo cha hewa kikinaswa chini ya mwavuli wake kinaweza kumtoboa. Ndiyo maana matangi mengi ya kuwafugia yamezungushwa kama duara, na maji yanaendeshwa polepole wasiguse ukuta wala kuzama. Sehemu ya densi hiyo ni ya pampu. Kuna mtu nyuma ya ukuta anayewalisha na kusafisha, na huyo simu zetu hazimfikii.

Waandishi wenzangu ndio wananiudhi zaidi. Yavuyavu amegeuzwa nembo ya upweke, sijui na nani. Mpweke gani? Mwaka 2013, huko Oskarshamn, Uswidi, walijazana kwenye mabomba ya maji ya kupozea mpaka kinu cha nyuklia kikazimwa. Watu wa pwani yetu wanaomwita konyeza wanamjua kwa muwasho, na mvuvi akimkuta wavuni hatungi beti, anatafuta namna ya kumtoa bila kumgusa. Kwangu, jicho la mvuvi huyo ni la kifasihi kuliko maelezo yote niliyoyasoma chini ya zile picha.

Najua nitaambiwa: uzuri una kosa gani? Hauna. Leopold Blaschka na mwanawe Rudolf, mafundi wa vioo wa Dresden, waliwatengeneza mayavuyavu kwa kioo katika karne ya 19, kwa sababu mnyama halisi akitiwa kwenye chupa ya spiriti husinyaa na kupoteza rangi. Kazi zao ni nzuri kupita kiasi, lakini ilibidi wajue kila mnyiri unaanzia wapi. Ernst Haeckel naye aliwachora kwa unadhifu unaotia shaka, sawa, ila aliwasoma miaka na miaka. Mmoja alimpa jina la mkewe Anna Sethe, aliyefariki 1864, kwa kuwa minyiri ilimkumbusha nywele zake. Hapo tashbihi imelipiwa. Zetu ni za mkopo.

Halafu kuna nusu nzima ya maisha yake ambayo hatuipigi picha kabisa. Kabla hajawa mwavuli, yavuyavu wa aina hizi huwa polipi: kitu cha milimita chache, kimeganda kwenye jiwe, hakiendi popote. Wakati ukifika kinajigawa kama rundo la visahani, na kila kisahani kinabanduka na kuogelea. Polipi anabaki palepale, anaweza kuzaa tena. Hana shela wala hang'ai. Ningesoma riwaya nzima juu yake.

Kwa hiyo ukienda, simu iwe mfukoni dakika kumi za kwanza. Usiende kwa yule anayeelea katikati. Mtafute aliyechakaa, mwavuli umeliwa pembeni, minyiri imejisokota, anayezungushwa na mkondo pale chini. Mpige picha huyo, na alama za vidole vya watoto kwenye kioo usizifute.