Hewa Inauzwa, Nani Atatueleza?

Binti ya dada yangu ana shahada ya sayansi ya bahari. Mwaka wa pili huu yuko nyumbani, angoja kazi ya kufundisha chuo kikuu. Juzi baada ya alasiri, wazee wa barazani wakamuuliza: "Hii biashara ya kaboni, ni hewa gani inayouzwa?" Kwetu ukisikia mtu anauza hewa, washika mfuko wako.

Akawaeleza kwamba mkoko hufyonza hewa ya kaboni na kuihifadhi mtini na topeni. Msitu ukikatwa, hewa ile hurudi angani. Mnunuzi hulipia msitu ubaki. Akawatajia Gazi, Kwale, ambako Mikoko Pamoja ilianza kuuza kaboni mwaka 2013, kwa msitu wa hekta 117, na mapato yakasaidia maji na shule.

Mzee mmoja akauliza la maana zaidi: "Na fungu letu ni kiasi gani?" Sheria ya 2023 yasema miradi ya ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato kila mwaka. Lakini imeandikwa Kiingereza. Asiyeijua atadai nini?

Mimi nina diploma tu, na siku ile nilielewa. Kaunti zetu za Pwani ziwaajiri vijana hawa wakae na wanavijiji kabla mkataba haujatiwa saini. Nasi wazazi tuache kusema kijana asiyefundisha chuo amesoma bure. Elimu yake twaihitaji hapa barazani.