Je, ni Lazima Kumfurahia Mke Mwenza?



Dada zangu katika imani, wiki hii tunalijibu swali ambalo wengi hulinong'ona jikoni na hawalifikishi darsani: "Mume wangu ameoa mke wa pili. Naambiwa mwanamke mwenye imani hufurahi kumwona mumewe ana raha kwa mwenziwe. Mimi silali kwa kulia. Je, imani yangu ina kasoro?"

La, dada yangu. Amepokea Bukhari kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba mmoja wa Mama wa Waumini alimpelekea Mtume (S.A.W.) sahani ya chakula, naye yuko katika nyumba ya mke mwengine. Mwenye nyumba akaupiga mkono wa mtumishi, sahani ikaanguka na kuvunjika. Mtume akaviokota vipande na chakula kile, akawaeleza waliokuwepo kuwa mama yao ameona wivu. Hakusema kuwa hana imani. Lakini sahani nzima ilitolewa katika nyumba ile, akapelekewa aliyevunjiwa. Moyo uliumia ukasamehewa. Sahani ilivunjwa ikalipwa.

Na ulimi je? Bibi Aisha (R.A.) alipozuliwa uongo, Mtume alimuuliza Bibi Zaynab bint Jahsh (R.A.), mke mwenza aliyekuwa akishindana naye kwa cheo. Hamna, nduguye Zaynab, alikwisha kuingia katika uvumi ule. Neno moja lingetosha kumwangusha mwenziwe. Zaynab akashuhudia kuwa hajui kwake ila kheri. Aliyetuhifadhia habari hiyo ni Aisha mwenyewe, akieleza kuwa uchamungu ndio uliomkinga Zaynab.

Basi kuifurahia neema ya mwenzio ni daraja tukufu, na aliyejaaliwa amshukuru Mola wake. Lakini furaha hiyo hailazimishwi. Kinachotakiwa kwako ni kuuzuia mkono na ulimi, na kutowapandikizia watoto chuki.

Nanyi waume, msiidai furaha ambayo hamkuipandia mbegu. Suratun Nisaa, aya ya 3, inamwamuru achelee kutofanya uadilifu atosheke na mmoja. Na aya ya 129 inakataza kuelemea upande mmoja hata mwengine akaachwa kama aliyetundikwa. Mwenye kuificha ndoa, kuruka zamu na kupunguza masurufu, kisha akamwambia mkewe atabasamu, anamtwisha mzigo wa dhulma aliyoitenda yeye.

Dada yangu, lia, kisha utawadhe usali. Ukinyimwa haki yako, waite wazee. Wakishindwa, nenda kwa Kadhi. Kudai haki si wivu. Na siku ukimpelekea mwenzio sahani ya futari kwa moyo mweupe, jua hiyo ni rehema imekushukia.

Mwenyezi Mungu azitulize nyoyo zetu na awape waume zetu uadilifu. Amin.