Silikoni Si Sili: Tunaua Peugeot za Wazee

Wacha niseme hii kitu mara moja, na mkitaka kukasirika kasirikeni: wengi wetu tunaoweka video za kufufua magari ya zamani tunayaua hayo magari. Na mimi ni mmoja wao.

Mtindo mnaujua. Gari limeota nyasi nyuma ya nyumba. Muziki unaingia. Ghafla rangi mpya, rimu zinang'aa, injini inanguruma, watu wanashangilia. Hakuna anayeuliza chini ya slivu kuliwekwa nini.

Kwangu iliwekwa silikoni. Tena niliiomba mwenyewe.

Gari lilikuwa Peugeot 504 ya babu, steshenwagoni. Mliozaliwa juzi, jueni hizi hazikuwa gari za mchezo. 404 ilishinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda 1975 na 1978. Ya babu haikushinda chochote. Ilibeba abiria hadi siti ya nyuma kabisa, miaka na miaka.

Sasa sikizeni vizuri. Kwa Toyota nyingi mnazoendesha, pistoni inatembea ndani ya silinda iliyo sehemu ya bloku yenyewe. Kwa 504, slivu ni bomba la chuma linaloingizwa na kutolewa, na maji ya kupoza injini yanaligusa mgongoni. Juu linabanwa na gasketi ya hedi. Chini, kinachotenga maji na oili ni sili nyembamba tu. Hakuna kingine.

Na hiyo sili haizuii maji pekee. Unene wake ndio unaamua slivu isimame juu kiasi gani. Slivu lazima ichomoze kidogo sana juu ya uso wa bloku, kitu cha sehemu za mia za milimita, ili hedi ikikazwa iikandamize. Ikizama, gasketi haibani. Moja ikipanda kuliko jirani yake, gasketi inabana hapa na kuachia pale. Ndiyo maana kuna sili za unene tofauti: unapima, unachagua, unapima tena. Silikoni ya tyubu ina unene gani? Unene wa kidole cha aliyepaka!

Halafu ile inayozidi inakatika vipande. Vingine vinaziba njia za maji, vingine vinaangukia sampu na kukwama kwenye chujio la pampu ya oili. Najua kuna mtu atasema kitabu cha injini yake kinaruhusu kupaka kidogo. Sawa. Kidogo juu ya sili, si badala ya sili.

Fundi wangu aliniambia tungoje. Mzee wa watu alikuwa amefunga hizi injini kabla mamangu aolewe. Mimi nikasema, "Fundi, Jumamosi tunaenda Nakuru kwa harusi, na video lazima itoke." Nilikuwa nimezunguka Kirinyaga Road siku moja, nikatangaza kwamba spea hazipatikani. Siku moja! Mteja ni mimi, pesa ni yangu, akapaka.

Tulipita Naivasha salama. Karibu na Gilgil mshale wa joto ukapanda. Babu akashuka na suti yake ya harusi, akavuta kijiti cha oili. Kilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Hakunigombeza. Alikipangusa kwa leso, akakirudisha mahali pake, akasema, "Hii ndiyo ilisomesha mama yako."

Beringi za krenki ziliisha. Sili halisi, nilipoagiza kwa adabu, zilifika baada ya wiki tatu. Bei yake haikufika hata ya rimu moja.

Kwa hivyo msiniambie shida ni pesa. Kukwangua kutu na magamba pale slivu inapokalia ni jasho tu. Kupima kwa dayo geji, kama huna, fundi wa mashine atakupimia. Kuzibana slivu kwa bolti na washa pana kabla hujazungusha krenki ni dakika chache. Usipozibana, pistoni inaweza kuinua slivu na sili unayojivunia imeharibika kabla gari halijawaka. Na kabla ya kufunga sampu, jaza maji, lala, asubuhi ingia chini na tochi. Tone moja? Fungua tena. Hiyo usiku moja ni bure kabisa.

Shida ni haraka. Mafundi wanaojua hizi injini wanazeeka, na badala ya kuwauliza tunawaharakisha, kisha gari likikufa tunasema fundi ni bandia. Nani alimlipa afanye haraka?

Kuanzia leo, ukiniletea video ya gari lililofufuliwa, sitaki kuona rangi. Nionyeshe slivu, nionyeshe kipimo, nionyeshe bloku ikiwa imelala na maji na chini ni kukavu. Kama huna hizo picha, hujafufua kitu. Umepamba maiti.

Yangu sasa iko wazi gereji, slivu nne zimebanwa, maji yamejaa tangu jana jioni. Kesho ndiyo naingia na tochi. Babu amesema atakuja kuangalia mwenyewe.