Kutunza Kalamu ya Wino

Mtu wa Kabuchai aliyebahatika kupata kalamu nzuri ya wino kutoka Italia, yafaa aijue asili yake. Kiwanda cha Aurora kilianzishwa mjini Torino mwaka 1919. Mwaka 1947 kilitoa kalamu iitwayo 88, iliyobuniwa na Marcello Nizzoli, ambaye mwaka 1950 alibuni pia mashine ya taipu ya Olivetti iitwayo Lettera 22. Kalamu hiyo haina mfuko wa mpira. Huvuta wino kwa kuzungushwa kitako chake, na ncha yake ni ya dhahabu.

Wengi hufungia kalamu kama hiyo sandukuni wakidhani ndiyo heshima yake. Hayo ni makosa. Wino hukauka ndani, njia zake huziba, na mwenye kuzungusha kitako kwa nguvu huivunja. Basi kabla ya kuiweka, na aioshe kwa maji baridi, wala si ya moto, mpaka yatoke safi. Wakati wa kiangazi, vumbi la njia ya Chwele likizidi, asiiache bila kifuniko. Barua moja kila juma kwa ndugu walio mbali yatosha kuufanya wino upite vema.